Hamira Zilizofidia Kasoro Zao

Oktoba 2006 Roger Kornberg wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia akiwa peke yake. Baba yake, Arthur Kornberg, alikuwa ameshapata ya tiba mwaka 1959 kwa kazi yake juu ya DNA, kwa hiyo magazeti yalipata habari tamu ya baba na mwana. Kilichompatia mwana tuzo hasa kilikuwa picha. Mwaka 2001 yeye na wenzake, akiwemo Patrick Cramer, walichapisha umbo la RNA polimerasi II, kimeng'enya kinachonakili jeni, kwa kutumia eksirei iliyofikia ukali wa angstromu 2.8, kiasi cha kuonyesha karibu kila kipande cha protini kilipokaa. Kimeng'enya hicho kilitolewa kwenye hamira, ya jamii ileile inayoumulia unga wa maandazi. Tangu hapo historia ya unakili wa jeni husimuliwa kama historia ya kutazama: vyombo vikawa bora, macho yakaona, siri ikatoka. Masimulizi hayo yanaanzia mwisho. Kabla ya picha kulikuwa na zaidi ya miaka 20 ya watu ambao hawakuwa na cha kutazama ila madoa meupe ya seli kwenye visahani, na swali lao lilikuwa moja tu: ipi imeota, ipi imekataa. Hao ndio waliotuambia mtambo wa kunakili una viungo gani na kipi kinagusana na kipi. Na seli iliyowafaa kuliko zote haikuwa ile iliyoharibika ikafa. Ilikuwa ile iliyoharibika, kisha ikaharibika tena mahali pengine, ikapona.

Hata hiyo picha ya 2001 ina deni kwa kasoro. Polimerasi II ya hamira imeundwa na protini 12, lakini mbili kati yake, Rpb4 na Rpb7, hazishiki sawasawa. Ukikitoa kimeng'enya kwenye seli nzima, baadhi ya molekuli huwa nazo na nyingine huwa zimezipoteza, na mchanganyiko wa namna hiyo haugandi kuwa fuwele nzuri ya kupigwa eksirei. Mwaka 1989 Nancy Woychik na Richard Young walikuwa wameifuta jeni ya RPB4 kabisa. Hamira zao ziliishi, ingawa kwa kujikokota, na zilishindwa zikitiwa kwenye joto au baridi kali. Kwa mpishi wa fuwele seli hizo zilikuwa zawadi, maana kimeng'enya chake chote kilikuwa cha aina moja, kila molekuli na protini 10. Ndiyo sababu picha iliyosifiwa dunia nzima ina viungo 10 wala si 12, na umbo kamili likasubiri hadi 2003. Anayesema picha ilikuja kuchukua nafasi ya hamira zenye kasoro anasahau kwamba hamira yenye kasoro ndiyo iliyokaa mbele ya kamera.

Turudi kwenye kazi yenyewe. Jeni ni maandishi kwenye DNA, na seli ikitaka kutengeneza protini fulani huanza kwa kunakili maandishi hayo katika RNA. Mwaka 1969 Robert Roeder na William Rutter walionyesha kuwa seli zenye kiini zina RNA polimerasi za aina tatu. Ya pili ndiyo inayonakili jeni za protini. Tatizo ni kwamba polimerasi hiyo, ikiwa peke yake, haijui jeni inaanzia wapi. Inaweza kuunganisha RNA kwa ustadi mkubwa lakini ikaanza popote. Wanakemia wa miaka ya 1970 na 1980, wengi wao wakitumia seli za binadamu, walisaga seli, wakachuja mchuzi wake, wakakuta mafungu kadhaa ambayo bila hayo polimerasi haianzi mahali pake. Wakayapa majina ya herufi: TFIIA, TFIIB, TFIID na kuendelea. Walikuwa na mafungu, lakini kwa muda mrefu hawakujua ndani ya kila fungu mna protini gani, wala kama kilichotokea kwenye mrija wa kioo ndicho kinachotokea ndani ya seli hai. Swali hilo la pili mrija hauwezi kulijibu hata ukisubiriwa miaka 100.

Hamira inaweza. Øjvind Winge, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alionyesha mwaka 1935 kwamba hamira ina maisha ya awamu mbili: huishi ikiwa na seti moja ya kromosomu, na huishi pia ikiwa na seti mbili baada ya kujamiiana. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kiumbe mwenye seti mbili huficha kasoro, kwa kuwa nakala nzima humsitiri mwenye nakala mbovu. Hamira yenye seti moja haina pa kujificha. Jeni ikiharibika, athari huonekana kesho yake. Hujigawa kila baada ya dakika 90 hivi ikishiba. Na tangu 1978, Gerald Fink na wenzake huko Cornell walipofaulu kuingiza DNA ya nje ndani yake, mtafiti aliweza kuirudisha jeni nzima ndani ya seli mbovu na kuona kama inapona. Aina inayotumika zaidi maabarani, S288C, ilitengenezwa na Robert Mortimer, na sehemu kubwa ya urithi wake imetoka kwenye hamira iliyookotwa mwaka 1938 kwenye tini lililooza karibu na mji wa Merced, California. Inafaa kukumbuka kwamba S288C yenyewe si kiumbe mzima. Mwaka 1996 maabara ya Fink iligundua kuwa jeni yake ya FLO8, inayoongoza unakili wa jeni za kujikusanya na kuota nyuzi, imekatika, na miaka mitatu baadaye ikaonekana kuwa HAP1, nayo ya kuongoza unakili, imeingiliwa na kipande cha DNA kinachohamahama. Kwa hiyo tunapoiita hamira ya kawaida, tunamaanisha ile ambayo kasoro zake tumezizoea.

Sukari ya galaktosi ndiyo iliyofungua njia. Hamira haitengenezi vimeng'enya vya kuila mpaka iione. Ikiiona, jeni husika huwaka mara 1,000 hivi. Katika miaka ya 1960, Howard Douglas na Donald Hawthorne wa Seattle walikusanya hamira ambazo haziwaki kabisa, na nyingine zinazowaka hata pasipo galaktosi. Kasoro ya aina ya kwanza waliipata kwenye jeni ya GAL4, ya aina ya pili kwenye GAL80. Kisha wakaziweka kasoro mbili ndani ya seli moja. Seli hiyo haikuwaka. Basi Gal4 ndiyo mwashaji na Gal80 ndiyo kizuizi chake, na kuondoa kizuizi hakusaidii kitu kama mwashaji hayupo. Wakadhani Gal80 humzuia mwenzake kwa kuizima jeni yake. Yasuji Oshima na wenzake huko Osaka wakalipinga wazo hilo mwaka 1978 kwa kutumia hamira ambazo Gal4 yao haivumilii joto: walionyesha kuwa protini ya Gal4 huwepo tayari muda wote, imeshikwa tu. Hakuna aliyekuwa ameiona Gal4 kwa macho wakati huo. Tabia yake yote ya msingi ilijulikana kutokana na seli zilizokosa kitu.

Mark Ptashne wa Harvard aliikuta hadithi ikiwa hapo. Mwaka 1985 yeye na Roger Brent waliunganisha kipande cha Gal4 na protini ya bakteria inayoshika DNA, na mseto huo ukawasha jeni ndani ya hamira. Kwa hiyo Gal4 ina sehemu ya kushika DNA na sehemu ya kuamsha, na sehemu hizo zaweza kutenganishwa. Lakini sehemu ya kuamsha inaamshaje? Je, huipinda DNA, huisukuma polimerasi, au huiita tu ije? Jibu lililonishawishi zaidi halikutoka kwenye ujenzi huo wa makusudi; lilitoka kwenye ajali. Mwaka 1990 kikundi cha Ptashne kilichukua Gal4 iliyokatwa ikabaki dhaifu, kikaacha hamira zibadilike zenyewe, na kutafuta zile ambazo udhaifu huo umeondoka. Waliipata moja. Kasoro yake haikuwa kwenye Gal4 hata kidogo. Ilikuwa kwenye protini nyingine, Gal11, ambako asidi amino moja kwenye nafasi ya 342 ilikuwa imebadilika. Miaka mitano baadaye ikaeleweka kilichotokea. Gal11 ni kiungo cha mtambo wa kunakili, na badiliko hilo lilikuwa limeifanya igusane na sehemu ya Gal4 ambayo kwa kawaida haiamshi chochote, kazi yake ikiwa ni kuziunganisha Gal4 mbili mbili. Mguso uliozuka kwa bahati, usiokuwepo katika maumbile, ulitosha kuwasha jeni kwa nguvu. Kama kushikana tu kunatosha, basi kuamsha jeni ni, kwa sehemu kubwa, kuuita mtambo uje na kuuweka mahali pake. Hakuna picha ya mtambo wenye afya ambayo ingeweza kulithibitisha hilo, kwa kuwa picha huonyesha vitu vinavyogusana bila kusema kama mguso huo una maana.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya badiliko la fidia, na inafaa tulieleze taratibu. Chukua mlango usiofunga kwa sababu fremu yake imevimba. Fundi akipiga randa ubao wa mlango, ukafunga, umejua bila kubomoa nyumba kwamba ubao ule na fremu ile vinakutana, na umejua hata vinakutana upande gani. Hamira hufanya ufundi huo bila kufundishwa. Seli milioni kadhaa zikimwagwa kwenye kisahani ambacho kasoro yao inazizuia kuota, chache zitakuwa zimebadilika kwa bahati mahali pengine, na badiliko hilo likiziokoa, zitaota. Mtafiti hahitaji kukisia pa kutafuta. Kifo kinamchujia.

Tazama jinsi Fred Winston alivyofanya alipokuwa kwenye maabara ya Fink, kazi iliyochapishwa mwaka 1984. Alianza na hamira ambazo jeni yao ya HIS4, ya kutengenezea histidini, ilikuwa imeingiliwa mwanzoni mwake na kipande cha DNA kiitwacho Ty, au mabaki yake. Jeni yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni kwamba kipande kile kilikuja na kianzio chake mwenyewe, na mtambo wa kunakili ukawa unaanzia hapo badala ya pale pa HIS4, ukitoa nakala isiyofaa. Seli hizo hazioti pasipo histidini. Kazi ya mkono ilikuwa hivi: seli huoteshwa kwenye kisahani chenye chakula chote hadi madoa yaonekane, kitambaa safi cha mahameli, kilichobanwa juu ya kigingi cha duara, hugandamizwa juu ya madoa, na nyuzi zake zikabeba seli za kila doa, kisha kitambaa hugandamizwa kwenye kisahani kipya kisicho na histidini. Kisahani cha pili kinakuwa kitupu, isipokuwa vidoa vichache vilivyochomoza peke yake. Kila kimoja huguswa kwa kijiti cha meno kilichotakaswa, kikapandwa upya, kikajamiishwa na hamira nyingine ili kujua kama badiliko lake liko kwenye jeni mpya au ile iliyokwisha kujulikana. Jeni hizo ziliitwa SPT na kupewa namba. Orodha ya majina yasiyo na maana, ungesema, yaliyovuliwa kwa kitambaa.

Orodha hiyo iligeuka kuwa hazina. SPT11 na SPT12 zilikuwa jeni za histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa. SPT15, mwaka 1989, ilikutwa kuwa jeni ya TBP, protini inayokaa kwenye kianzio cha jeni na kuonyesha mtambo pa kuanzia. Ndiyo moyo wa lile fungu la TFIID ambalo wanakemia walikuwa wakihangaika nalo kwa miaka. Hamira yenye TBP iliyobadilika kidogo ilikuwa imehamisha chaguo lake kutoka kianzio cha mgeni hadi kile halali cha HIS4, na hiyo ni habari ambayo mchuzi wa seli haukuwahi kuitoa: kwamba ndani ya seli hai protini hii huchagua, na chaguo lake laweza kupotoshwa. SPT4, SPT5 na SPT6 hazikueleweka kwa muda. Mwaka 1998 ikabainika kuwa Spt4 na Spt5 husafiri na polimerasi ikiwa njiani katikati ya jeni, na kwamba wanakemia waliokuwa wakichunguza seli za binadamu walikuwa wamezifikia protini hizohizo kwa njia yao. SPT3, SPT7, SPT8 na SPT20 ziliangukia kwenye kundi moja kubwa, SAGA, ambalo hubandika alama za kikemia kwenye histoni. Mtu aliyetafuta tu namna ya kuiokoa jeni moja ya histidini alikuwa amepita katika idara karibu zote za mtambo.

Richard Young, kwenye Taasisi ya Whitehead huko Massachusetts, alianzia kwenye polimerasi yenyewe. Protini yake kubwa kuliko zote ina mkia wa ajabu, asidi amino saba zinazorudiwa tena na tena kwa mpangilio uleule: mara 26 au 27 kwenye hamira, mara 52 kwa binadamu. Mwaka 1987 Michael Nonet na wenzake walianza kuupunguza mkia huo. Ukibaki na marudio 13 au zaidi, hamira haisikii kitu. Ukibaki na chini ya 10, inakufa. Kati ya 10 na 12 inaishi kiugonjwa, na ikiwekwa kwenye baridi ya nyuzi 12 inagoma kuota. Ugonjwa huo wa katikati ndio uliokuwa na thamani, kwa sababu aliyekufa hawezi kufidiwa na mzima hana cha kufidia. Wakazimwaga seli zenye mkia mfupi kwenye visahani, wakaziweka kwenye baridi, wakangoja zitakazoota. Mwaka 1989 wakatangaza ya kwanza, SRB2. Zikafuata nyingine, hadi jeni tisa. Mwaka 1993 maabara hiyo ilionyesha kuwa protini za SRB2, SRB4, SRB5 na SRB6 hazitembei moja moja. Ziko pamoja katika kundi kubwa linaloambatana na polimerasi.

Wakati huo huko Stanford, Kornberg alikuwa akiukabili mlima huohuo kutoka upande wa pili. Mwaka 1990 maabara yake iliona kuwa kwenye mchuzi wa hamira, protini moja ya kuamsha ikizidi, huzima kazi ya nyingine, kana kwamba zote zinagombania kitu cha tatu, na kwamba kitu hicho si mojawapo ya mafungu yaliyojulikana. Wakakiita Mediata. Miaka minne walikuwa wakikisafisha. Mwaka 1994 walipokipata kikiwa safi, kiasi cha protini 20, walikuta ndani yake Srb2, Srb4, Srb5, Srb6, na Gal11 ya Ptashne. Baadaye zikaongezeka Sin4, Rgr1, Rox3 na nyinginezo, kila moja ikiwa na jina la ajabu lililotokana na uchunguzi usiohusiana na wenzake. Leo Mediata ya hamira inahesabiwa kuwa na protini 25.

Mtu atasema hapa kwamba kama Kornberg aliifikia Mediata kwa kuchuja, mabadiliko ya jeni yalikuwa njia ya mkato tu, na mambo yangefika palepale bila hayo. Nakubali kwamba Mediata ingesafishwa. Nisichokubali ni kwamba ingeaminiwa. Mrija wa kioo una historia ndefu ya kuonyesha vitu vinavyoshikana kwa sababu tu vimebanwa pamoja. Na kwenye orodha ya kwanza ya 1994 kulikuwa na protini moja, Sug1, ambayo baadaye ilibainika kuwa ya mtambo mwingine kabisa, ule wa kuvunja protini chakavu. Kilichoipa Mediata uhalali ni kwamba hamira zenye mkia mfupi zilikuwa zimezitaja protini zilezile pasipo kuulizwa na mwanakemia yeyote. Mashahidi wawili ambao hawakupanga maneno yao wakisema jambo moja, hakimu huandika.

Mfano mwingine wa mashahidi wasiojuana una uzito uleule. Mwaka 1984, Lenore Neigeborn na Marian Carlson wa New York walichapisha orodha ya hamira zilizoshindwa kuichachusha sukrosi kwa kuwa jeni ya SUC2 haikunakiliwa. Jeni hizo waliziita SNF. Mwaka huohuo, maabara ya Ira Herskowitz huko San Francisco, iliyokuwa ikichunguza namna hamira inavyobadili jinsia, ilichapisha jeni za SWI, ambazo bila hizo jeni ya HO hainakiliwi. Sukari na jinsia havina undugu. Lakini SWI2 na SNF2 ziligunduliwa kuwa jeni moja. Zinafanya nini? Fidia ndiyo iliyojibu. Mwaka 1992 Joel Hirschhorn na Winston walionyesha kuwa hamira isiyo na Snf2 au Snf5 hupata nafuu ikipunguziwa jeni za histoni H2A na H2B, na mabadiliko ya fidia ya upande wa SWI, yaliyoitwa SIN, mengine yalikutwa kwenye histoni H3 yenyewe. Maana yake ilikuwa wazi: histoni zinaifunga DNA, na SWI/SNF inazisukuma zipishe. Kundi lenyewe liliposafishwa na kujaribiwa mwaka 1994, lilifanya hivyohivyo. Hadi wakati huo wataalamu wengi waliziona histoni kama kifungashio tu. Hamira zilizopona kwa kupunguziwa kifungashio zilifanya msimamo huo usishikike.

Pingamizi zito zaidi ni lingine, nalo limetoka kwa wanajenetiki wenyewe. Badiliko huonyesha matokeo ya mwisho wala si chanzo. Protini ikiharibika leo, seli inayochunguzwa kesho imeshajirekebisha, na unachopima ni marekebisho hayo. Kosa la namna hiyo limetokea, na si dogo. Mwaka 2004 uchunguzi wa jeni zote za hamira ulipendekeza kwamba asilimia 90 hivi zinategemea zaidi TFIID, na asilimia 10 tu zinategemea zaidi SAGA. Mgawanyo huo ukaingia kwenye vitabu vya kiada. Mwaka 2017 maabara ya Steven Hahn huko Seattle, na ya László Tora na Didier Devys huko Strasbourg, zikaonyesha kuwa karibu jeni zote zinazihitaji zote mbili. Waliotangulia walikuwa wamepima RNA iliyopo ndani ya seli badala ya ile inayotengenezwa, na seli inayonakili kidogo huzuia RNA yake isioze haraka, hivyo hasara haionekani. Mediata nayo ilijadiliwa upya. Mwaka 1995 hamira yenye Srb4 isiyovumilia joto ilikuwa imeonyesha unakili ukisimama kwa ujumla, lakini kupandisha joto hadi nyuzi 37 ni msukosuko wenyewe, na ilichukua miaka kutenganisha athari za joto na athari za kasoro.

Hayo yote ni kweli, na bado hayaiangushi hoja yangu. Tuulize nani aligundua kuwa seli huzuia RNA isioze. Mwaka 2012 maabara ya Cramer, yule wa ile picha, ilichukua hamira yenye badiliko moja kwenye polimerasi, asparajini iliyogeuka kuwa asidi aspatiki kwenye nafasi ya 488, linalokifanya kimeng'enya kiende polepole. Unakili ulipungua, na uozaji wa RNA ukapungua nao. Yaani kosa lililotokana na kusoma vibaya hamira zenye kasoro lilisahihishwa kwa hamira nyingine yenye kasoro, iliyosomwa vizuri. Na njia inayotumika leo kuepuka msukosuko wa joto, ya kuingiza ndani ya hamira protini ya mpunga ili auxini, homoni ya mimea, iweze kuivunja protini teule kwa dakika chache, ni kuileta kasoro kwa haraka kiasi kwamba seli haipati nafasi ya kujirekebisha. Kilichobadilika ni saa, wala si mantiki.

Limebaki lile linalosemwa mara nyingi zaidi: hamira si binadamu. Mwaka 1988 protini ya hamira inayofanya kazi ya TFIID iliwekwa kwenye mchuzi wa seli za mamalia, ikafanya kazi; mwaka huohuo Gal4 iliwasha jeni ndani ya nzi na ndani ya seli za mamalia. Lakini kinyume chake kilishindikana. TBP ya binadamu, ambayo kwenye kiini chake inafanana na ya hamira kwa asilimia 80, haikuweza kuifanya hamira iishi. Nauona ukweli huu wa pili kuwa na faida kuliko wa kwanza. Unatuambia kwamba viungo ni vilevile lakini pale vinapogusana na majirani vimetofautiana, kwa hiyo orodha ya hamira inaaminika, ilhali kila mguso unapaswa kuthibitishwa upya kwa mtu.

Orodha hiyo imeshapimwa hospitalini. Mwaka 1998 SNF5, ile ya sukrosi, ilikutwa imepotea kwenye saratani kali ya watoto wadogo, uvimbe wa rabdoidi. Mfano wa pili unahusu SRB8, SRB9, SRB10 na SRB11. Hizo zilitofautiana na SRB za kwanza: hamira zenye mkia mfupi zilipona pale jeni hizo zilipoharibika. Kwa lugha nyingine, zilikuwa breki, na mtambo dhaifu ulipata nafuu breki ilipolegea. Carlson alikuwa amezinasa zote nne kwa njia yake ya sukari. Mwaka 2011 kikundi cha Helsinki kilichokuwa kikichunguza fibroidi za kizazi, uvimbe unaowapata wanawake wengi, na wenye asili ya Afrika zaidi, kilichunguza uvimbe 225 na kukuta takriban asilimia 70 ukiwa na badiliko kwenye jeni moja, MED12. Ndiyo SRB8 ya binadamu. Na miaka mitatu baadaye ilionyeshwa kuwa mabadiliko hayo yanaharibu mahali MED12 inaposhikana na protini mbili ambazo, kwenye hamira, majina yake ni Srb10 na Srb11.